Wifi, Gauni Langu Linapwaya

Wifi yangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako naijua. Nilikuwa mmoja wa waliokuosha. Hali yangu ndiyo usiyoijua, na ndiyo iliyonikalisha hapa ukumbini na kalamu, kaka yako akiwa msikitini na nyumba imetulia.

Najua hukusoma. Nilipokuwa nikienda darasa la akina mama ulinicheka, ukasema mtu mzima kujifunza herufi ni kama kumfundisha kuku kuogelea. Kama huko uliko kuna darasa, utanisoma. Kama hakuna, basi nitasema yangu mpaka mwisho bila kukatizwa, na hilo ulipokuwa hai sikulipata hata siku moja.

Temeke haijabadilika sana. Tumeongezewa bomba la maji upande wa dukani, kwa hiyo ugomvi wa foleni umepoa. Chumba chako amepanga mwalimu kutoka Songea na mkewe na watoto wao, Wakristo, watu wa taratibu, Jumapili wanaimba huku wakichambua mchele. Kuku wako yule mwekundu tulimchinja. Alikuwa keshaacha kutaga na kazi yake ilibaki kuchafua baraza. Cherehani ya kaka yako iko palepale barazani, na kelele yake ni ileile.

Mie nimepungua. Hilo ndilo badiliko kubwa, na bombani ndilo linalozungumzwa.

Ilianza na jipu la kwapani lililokataa kupona. Nikaenda hospitali mjini. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akautia mkojo wangu kwenye kibomba cha kioo pamoja na dawa ya buluu, akauchemsha, nao ukageuka rangi ya tofali. Alivyonitazama nikajua kabla daktari hajasema. Daktari mwenyewe ni Mhindi, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mama, una sukari. Mwili upungue na vitamu uache, ama utarudi hapa kwa ajili ya mguu." Aliposema mguu nikaukumbuka wako. Kwanza kidole, kisha unyayo, kisha wakataka kukata mpaka gotini, ukawaambia heri uzikwe mzima. Ulizikwa mzima, wifi. Hapo ulishinda.

Kaka yako nikampa nusu ya habari. Nilimwambia daktari kasema nipunguze mwili, basi. Neno sukari sikulitaja. Tangu ufe, nyumba hii hata sukari ya chai tunaiomba kwa kuinyooshea kidole.

Nilidhani kuacha vitamu ni kazi ya mdomo. Kumbe ni kazi ya saa. Asubuhi nzima mie mwanamke hodari, nafua, napika, sina habari na sukari. Ikiingia alasiri, saa ile uliyokuwa ukitoka chumbani kwako na kikombe chako mkononi unauliza, "Leo tunateremshia nini?", hapo ndipo ulimi unaanza kudai. Halua, kashata, kaimati, chochote kilichokolea sukari. Nakaa mkekani peke yangu na chai ya tangawizi isiyo na kitu, na wakati mwingine sijui ninachokitamani ni halua au ni wewe kuja kukaa. Nadhani ni vyote viwili, lakini daktari kakataza kimoja tu.

Nimejaribu mengi. Nafunga hiliki kwenye pindo la kanga, tamaa ikinijia naitafuna mpaka inapita. Nikimaliza kula napiga mswaki palepale, maana baada ya mswaki kitu kitamu hakina ladha. Kariakoo sipandi basi tena, nakwenda kwa miguu na kurudi na kikapu kichwani. Mara ya kwanza miguu ilivimba, nikashinda kitandani siku nzima, na kwa kujionea huruma nikala kashata. Kwa hiyo nilitembea mpaka Kariakoo ili nije kula kashata. Ungefurahi sana kuliona hilo.

Lakini tabu kubwa si ulimi, ni watu. Unajua mwenyewe, hapa kwetu mwanamke akinenepa hongera ni za mumewe, akikonda lawama ni za mumewe vilevile. Wewe ulikuwa ukisema, "Nyama za mwanamke ni akiba," tukipita njiani unajipiga nyonga kama mtu anayeonyesha bidhaa. Nilipoanza kupungua shavuni, wengine walisema kaka yako ananinyima chakula. Wengine, wenye akili zaidi, wakasema kaposa binti wa Chang'ombe, na mie nakonda kwa wivu. Huyo binti wakampa mpaka jina. Nilikaribia kwenda kumtazama.

Mama Sefu wa nyumba ya mkabala hakusema kitu. Yeye alileta sahani. Visheti, vitumbua, siku nyingine mkate wa kumimina bado moto, umefunikwa kawa. Ananiambia, "Kula mwaya, umekwisha." Na sahani ya jirani, kama tulivyolelewa, hairudi tupu. Basi na mie napika tambi za sukari nimrudishie, na mpishi sharti aonje. Kadiri nilivyozidi kukonda ndivyo sahani zilivyozidi kuja. Ukiona nimesalimika, ujue ni kwa sababu mke wa mwalimu ana watoto wengi, nao nikiwapelekea hawajui kukataa.

Nilianguka vibaya kwenye hitima yako. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hitima ya mwaka, watu walijaa hadi uani, na kaka yako alikataa kabisa isomwe bila halua, akasema dada yangu anajulikana kwa halua. Niliikata mimi. Sinia zima mbele yangu, kisu mkononi, mafuta yanang'aa, wanaume ukumbini wanasoma Yasini, na mie uani nikawa nakula vipande vya pembeni, vile ulivyokuwa ukiviita haki ya mkataji. Sikumbuki utamu wake. Nakumbuka niliinua kichwa kukupa kipande, nikamkuta Mama Sefu anaosha vikombe. Nikaendelea kula mpaka pembeni pote pakaisha.

Siku ya pili nilitia chumvi kwenye uji kwa hasira, kana kwamba uji ndio ulionikosea. Sikulia. Sijui kwa nini sikulia. Mambo haya huwa nayatazama kama yanamtokea mtu mwingine, mtu mnene kidogo anayefanana na mimi.

Kisha ikawa ile ya Ijumaa. Kila Ijumaa kaka yako akitoka kuswali mjini akawa anarudi na halua kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Hajawahi kuwa mtu wa kuleta vitu, unamjua, hata Idi tulikuwa tunamkumbusha. Sasa analeta, anaweka mbele yangu, anakaa, ananitazama mpaka nile. Nikisema nimeshiba anasema, "Onja tu." Uso wake ukawa unaniomba kitu nisichokielewa. Nami nikawa naonja, kwa sababu uso ule sikuweza kuunyima. Wiki nzima nahangaika na hiliki na mswaki, Ijumaa yeye anaibomoa kwa upendo.

Unalikumbuka gauni langu la buluu, lile tulilolipima pamoja, wewe lako la maua ya manjano? Futi ya kaka yako haikutuzunguka, ikabidi aunganishe na uzi, akatuambia twende bandarini tukaombe turubai. Ulimpiga kwa mkeka. Gauni lile sasa linapwaya. Nikilivaa mabega yananishuka na kiunoni nakaa ndani yake kama mtoto aliyejificha. Nikamwekea juu ya cherehani alipunguze. Akalisogeza pembeni. Siku nyingine nikaliweka tena, akalitundika msumarini akaendelea na kanzu za watu. Ramadhani ikaingia, ikatoka, Idi ikapita, wake za watu wakavaa nguo zilizoshonwa na mume wangu, na gauni langu liko msumarini linapata vumbi.

Nilikasirika, sitaki kukuficha. Nikalitia mkononi mwake nikasimama mbele yake, sikuondoka. Kaka yako akaacha kukanyaga cherehani. Akasema, bila kuniangalia, "Nguo za dada nilizipunguza mimi. Ananiletea, napunguza. Analeta tena, napunguza. Nikijiambia hii ni kazi tu, kama kazi nyingine. Mwisho nikamkatia sanda. Na wewe sasa unaniletea."

Ndipo nikaielewa ile halua. Alikuwa ananilisha ili nisikufuate.

Wifi, nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kukuonea wewe, na wewe ulikuwa unaoza mguu. Nikakaa chini kwenye jamvi nikamwambia neno lenyewe, sukari, kwa sauti ya kawaida. Nikamwambia jipu, na dresa, na rangi ya tofali. Hakushtuka nilivyoogopa. Alishtuka zaidi aliposikia kwamba halua yake nilikuwa nikiila kwa ajili ya uso wake. Nikamwambia, dada yako alipunguzwa na maradhi, mie najipunguza mwenyewe ili maradhi yasinikute. Akafikiri. Akaniuliza, "Nitajuaje tofauti?"

Swali lilikuwa na haki yake. Watu wawili wanakonda, nyumba moja, ugonjwa mmoja. Yeye si daktari. Nikaenda uani nikachukua debe, nikapiga kata, nikaenda bombani, nikalijaza pomoni, nikajitwisha. Nikapita nalo mbele ya baraza yake polepole, sikuegemea ukuta, sikutua. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa hufiki chooni bila kushikwa, na aliyekuwa akikushika ni yeye. Nikamimina mtungini nikarudi kuchota tena. Mara ya pili nilikuwa nahema na shingo inaniwaka, lakini uso niliukaza. Mama Sefu akatoka kuuliza kama tuna shughuli. Mara ya tatu kaka yako akasema, "Basi, tua, mtungi umejaa," na futi ilikuwa keshaitoa shingoni.

Alinipima. Jioni ile akalishona. Lakini nilipoligeuza ndani nikakuta hakukata kitu. Kitambaa chote kilichozidi kakikunja, kimelala ndani ya mishono kinanisubiri ninenepe. Nilivaa hivyohivyo siku kadhaa, mbavu zinawasha. Kisha nikampelekea nikamwambia kata. Akasema, "Nikikata halipanuki tena." Nikasema najua.

Sanda yako aliikata bila futi, wote tuliona, mkasi ulikwenda moja kwa moja kama anakata karatasi. Kwenye gauni la mtu aliye hai, aliyesimama mbele yake, alipima mara tatu kabla ya kukata. Alikata upande mmoja, akaweka mkasi chini, akanywa maji. Kisha akakata wa pili. Vipande alivikusanya mwenyewe akaenda kuvitupa, sikumwuliza wapi.

Usidhani nimekuwa walii. Juzi mke wa mwalimu alitukaribisha chai, akaitia sukari kwa mkono wake mwenyewe kwa ukarimu wa kwao, nikanywa, na maandazi nikala, na nikaomba tena. Zamani nikianguka Jumatatu nilikuwa naendelea kuanguka hadi Ijumaa, kwa hoja kwamba nguo ikisharowa mwavuli wa nini. Siku hizi naanguka, najilaumu kidogo, kesho yake naamka na chai yangu chungu. Mwezi huu dresa kauchemsha tena, umetoka kijani. Buluu, rangi ya mkojo usio na sukari, bado. Daktari akasema tuendelee, na akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetarajia kuniona tena.

Kaka yako Ijumaa iliyopita alirudi na karanga. Alizimenya mwenyewe. 

Bombani wameacha habari za binti wa Chang'ombe. Sasa wanasema nimepata dawa kutoka Unguja, na wawili wamekuja uani kunong'ona niwauzie.

Mwadhini wa magharibi hayuko mbali, na kaka yako yuko njiani kurudi, kwa hiyo nafunga barua. Kaa kwa amani, wifi. Nakukosa, hasa alasiri, na sitarajii jambo hilo lipungue, sitalifanyia dawa.

Sikuahidi kwamba halua sitaigusa tena, maana ungenicheka mpaka wenzako huko waamke. Nakuahidi jambo jingine, na hili nalisema kwa moyo wangu wote. Wewe kaka yako alikuzika. Mie hatanizika. Atazeeka mikononi mwangu, atakuwa mkorofi, macho yatashindwa kutunga sindano na nitamtungia mimi, na siku yake ikifika, Mungu akipenda, mie ndiye nitakayekaa eda.

Wifi yako,
Mwajuma