Mabati Manane ya Jikoni Kwako

Isevya, Tabora
Jumapili

Mwanangu Asmahani,

Asalaam alaykum. Najua hapo ulipo umeshaniamkia, basi marahaba mwanangu. Habari za Bukene? Mkwe wangu Sadiki hajambo? Na wajukuu zangu, bado wanagombania ukoko wa uji? Sisi huku wazima, ni goti tu linanisumbua. Ningekupigia simu, lakini haya maneno nikiyasema kwa simu nitalia kabla sijafika mwisho. Nimeandika mwenyewe, mwandiko uvumilie, na Hafsa wa jirani atakuletea kesho.

Ile kazi ya serikali kwenye majengo yetu inakwenda vizuri. Yale mabati ya asbesto, mazito ya kijivu, yaliyofunika paa na kuta za juu tangu hujazaliwa, yanavuliwa yote na kuwekwa mapya, maana vumbi lake linaharibu mapafu. Fedha zinatoka kwa awamu. Mkandarasi halipwi mpaka sisi kamati ya wakazi tuhesabu mabati ya kila jengo, tuone yamelowanishwa, yamefungwa plastiki na kuzikwa shimoni, ndipo tusaini. Mhesabuji ni mimi. Siku hizi wananiita Mama Wizara.

Wiki ya kwanza msimamizi wa mafundi, Dionis, alitaka nisaini mabati yakiwa bado yamelala uani. Nikakataa. Akasema mbele za watu kwamba leo mama aliyeishia darasa la tatu anamsomea sheria. Nikamwambia darasa la tatu hilohilo limehesabu vitumbua miaka thelathini, ahesabu yake na mimi nihesabu yangu, tuone. Alizidisha mawili. Tangu hapo ananiamkia kwa mbali.

Sasa jengo letu limekwisha, na mabati yamepungua manane kwenye orodha ambayo Injinia Josepha, msimamizi wa mradi wote, aliiandika mwaka juzi, kabla fedha hazijaja. Awamu ya mwisho ikasimama. Watu wakasema Dionis kayauza kwa siri. Akaapa mpaka sauti ikamkauka, lakini Injinia akamwambia asije kazini mpaka jambo lieleweke. Nami nilikuwa nimekaa palepale, daftari mapajani. Nilinyamaza, mwanangu. Nilinyamaza siku nzima.

Mabati hayo ndiyo unayopikia chini yake. Stoo ya nyuma ilipoangushwa na upepo mwaka jana yalibaki mazima, nikayapakia kwenye lori la alizeti, nikakuambia nimekununulia. Ubaya wake sikuujua, wallahi, lakini kununua sikununua. Nilitaka mama mkwe wako aone na kwenu mna uwezo. Juzi ulipoomba mengine mawili ya banda la kuku, nilisukuma sahani pembeni.

Jana nilisimama kwenye kikao nikasema yote. Nikamwomba Dionis radhi, nikaweka daftari mezani wachague mwingine. Mzee Idrisa, unamjua alivyo mtani wangu, akasema mwizi wa kujitaja mwenyewe hapatikani kirahisi, nirudishiwe daftari. Wakacheka. Dionis hakucheka. Alisema tu kwamba atakuja kuyashusha kwa mikono yake, maana sisi tutayavunja.

Basi Alhamisi tunakuja na gari, na mabati mapya nimeyanunua, safari hii kweli. Mpaka hapo pikia nje. Watoto wasiingie jikoni, usifagie pakavu, Sadiki asipande juu wala asitoboe kitu. Bati likiwa zima halina haraka ya kumdhuru mtu, Injinia ameniambia, nimemuuliza mara tatu. Hata hivyo watoto nitawapeleka wakapimwe vifua, nisikudanganye, usingizi sina.

Mama mkwe wako usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba hayakununuliwa. Na wewe kama una hasira, ziweke mpaka bati la nane lishuke, halafu unigombeze mbele yake. Sitajibu.

Msalimie Sadiki, wabusu watoto, na Mungu awalinde mpaka nifike.

Ni mimi mama yako,
Anifa