Tairi Halijui Nani Kafa

Jumatatu, 3 Machi

Tairi la mbele kushoto limepasuka leo. Pale kwenye mteremko wa mawe, tunatoka hospitali kumsafisha Mzee damu. Mlio kama bunduki! Usukani ukanitoka mikononi, gari likakata kushoto, likaingia mtaroni kwa pua. Kichwa cha Mzee kikapiga kioo cha mlango. Damu ikamshuka mpaka ndevuni. Nikamwita — kimya. Nikamwita tena.

"Usinipigie kelele," akasema. "Mimi si tairi."

Nilicheka huku nalia.

Wapita njia wakatusukuma. Fundi wa pancha alikuja na jeki yake, akalitazama lililopasuka, kisha akazunguka gari akiyapapasa yale matatu mengine, polepole, kama daktari asiyependa anachokigusa. Akaniuliza nani aliyatia. Nikasema kaka. Mwaka jana. Mapya kabisa, nusu ya hela nilitoa mimi. Akachomoa kisu, akakwangua. Rangi nyeusi ikatoka kama masizi. Chini yake waya.

"Haya ni vipara, dada. Mtu kachonga mistari kwa kisu cha moto, kapaka rangi. Tairi jipya halijawahi kuligusa gari hili."

Kaka yangu wa tumbo moja! Na Mzee ndani, baba yetu, figo zimekufa, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, njia yenyewe ni mteremko ule.

Mzee kashonwa nyuzi saba. Siandiki zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Karakana ninakochomelea vyuma nimeomba ruhusa. Nondo za madirisha ya watu zitasubiri, hakuna mwizi atakayenilaumu.

Dukani kwanza. Muuzaji kasoma saizi kwenye karatasi yangu, kaguna: gari hili bado lipo? Lipo, nikamwambia, lilikuwepo kabla hujaota meno. Katafuta, kapata. Tairi moja jipya ni mshahara wangu wa mwezi mzima, na bado nahitaji manne. Nikamshukuru kwa adabu. Nje nikapiga teke ukuta wake.

Kisha uwanja wa mitumba. Milima ya mpira chini ya jua. Fundi wa pancha alikuwa amenifunza — soma tarakimu nne za ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Bonyeza, tafuta nyufa. Likinuka rangi, kimbia. Kila nililoligusa lilikuwa limekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi.

Madalali wawili wakaanza kunigombania. Mmoja kashika mkono, mwingine mkoba. Mteja wangu! Wangu mimi! Ghafla mwenye kofia akainua mtaimbo wa kubandulia matairi, akamchapa mwenzake mdomoni. Jino likaruka, likatua ndani ya tairi nililokuwa nalikagua. Aliyepigwa akatema damu, akanyanyua rimu tupu kwa mikono miwili, akamshushia yule mguuni. Ukelele! Watu wakaunda duara. Hakuna aliyeamua ugomvi. Wengine walishangilia.

Na mimi — haya nayasema hapa tu — sikuondoka. Nilisimama nikatazama mtu akipondwa, na kila pigo nilimvisha yule aliyepondwa sura ya kaka.

Jumatano, 5 Machi

Nimemvunja kaka mkono.

Niandike ilivyokuwa. Nilitoka karakana saa kumi, kipande cha nondo mkobani. Nikisema nilikisahau humo nitakuwa najidanganya. Kaka alikuwa sebuleni, kavua shati, anakula. Wifi akanisogezea kiti. Sikukaa. Nikauliza: matairi mapya yako wapi? Matairi gani, akasema. Nikamwambia habari ya mtaro, habari ya nyuzi saba. Akaendelea kutafuna.

"Gari lenyewe linatoka mara mbili kwa wiki," akasema. "Tuambiane ukweli, mdogo wangu. Mzee kabakiza muda gani? Nilivalishe jeneza matairi mapya?"

Nikapindua meza.

Akanizaba kofi, mkono mzima, sikio likaanza kulia kama lina nyuki. Akanishika nywele, akanigongesha ukutani. Mara mbili. Tulipigana hivihivi utotoni, na siku zote alishinda yeye. Safari hii kulikuwa na nondo. Pigo la kwanza begani. La pili alikinga kwa mkono, na nilisikia — tawi kavu. Akapiga magoti, uso umekuwa majivu. Na nikainua tena! Wifi akajitupa juu yake kifudifudi, anapiga mayowe. Hapo ndipo niliposimama. Wala si huruma. Mgongo wa wifi ulikuwa katikati, basi.

Njia nzima ya kurudi nilijisikia mwepesi. Nilipiga mluzi. Mluzi! Sasa nimekaa nautazama mkono huu kama wa mtu mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Ilikuwa siku ya Mzee. Hatukwenda. Mvua tangu asubuhi. Nimewapigia wenye magari ya kukodi wanne. Wakisikia mteremko, simu inakatika.

Miguu ya Mzee imevimba. Nikibonyeza, kidole kinaacha shimo.

Kauliza kaka yuko wapi. Nikasema kasafiri.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi amekuja. Hakuingia, kasimama uani na mwavuli. Mfupa umevunjika mahali pawili, wamemtia vyuma ndani. "Umeua mkono unaotulisha," kasema. Ameshaandikisha polisi. Nikamwambia polisi wanapajua hapa, waje. Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kupiga, kisha akaondoka, mwavuli umefungwa, mvua inamnyeshea.

Mzee alisikia yote dirishani. Akaniita. Pumzi zimekuwa fupi, kama za mtu aliyetoka kupanda ngazi, naye hajainuka kitandani tangu jana. Miaka thelathini aliendesha katapila la barabara. Akasema alijua. Siku ya kwanza tu alipolipanda gari baada ya kaka kulirudisha, matairi hayakulia kama mpira mpya.

"Ukanyamaza, Baba?"

"Mtoto akikunyea mkono, huukati. Unaunawa."

"Mimi nimeuvunja."

"Nimesikia."

Akageukia ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata! Manne!

Fundi wa pancha kanipeleka yadi ya magari yaliyokufa. Pale kuna gari la aina yetu, limebinuka wiki iliyopita, paa limelalia viti. Watu watatu walikufa ndani. Lakini matairi — vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado viko! Bei ya kutupa. Nikauliza kwa nini. Mlinzi wa yadi akainua mabega. "Watu wanaogopa mkosi. Ila tairi halijui nani kafa."

Nikapiga jeki, nikaanza kulegeza nati. Juu ya tairi la nyuma, ndani ya madigadi, damu iliyokauka. Na nywele. Nikameza mate, nikaendelea.

Nilikuwa kwenye la tatu alipoingia mwanamume mmoja kwa kasi. Bila salamu akamkaba mlinzi, akamlaza juu ya boneti, akaanza kumponda uso. Ngumi, ngumi, ngumi, bila neno. Fundi wa pancha alipojaribu kumvuta, alikula kiwiko cha pua. Mlinzi alipoteleza chini ndipo yule mtu akapata sauti: lile ni gari la mdogo wake, aliyekuwa dereva, wamemzika juzi, na hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuuza hata nati. Kisha akaniona mimi. Akaokota jiwe.

"Na wewe! Umekuja kumvua ndugu yangu viatu?"

Jiwe likanipata begani. Sikukimbia. Sijui kwa nini. Nilichoka, nadhani.

"Baba yangu hajasafishwa damu tangu Jumatatu," nikamwambia. "Bila matairi anakufa. Nipige, lakini nimalize."

Akasimama. Ngozi ya vifundo vyake ilikuwa imechunika. Akaniuliza Mzee ana watoto wangapi. Wawili. Na huyo mwingine mbona hayupo? Nikasema nimemvunja mkono. Kisa? Matairi.

Akakaa chini palepale penye oili, akalia. Alilia kama anatapika. Mlinzi kwa upande mmoja anajifuta damu, fundi kwa upande mwingine ameshika pua, na mimi katikati na spana, sijui niweke wapi macho. Hela nilimpa yeye, si mlinzi. Akazisokomeza mfukoni bila kuzitazama.

"Chukua yote manne," akasema. "Lakini tukikutana barabarani, usinisalimie."

Tumeyafunga jioni kwenye mvua. Fundi wa pancha kakataa malipo. Kasema pua yake ameitoa sadaka.

Mzee hali kitu. Anapumua akiwa ameketi, akilala anazama.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha mashine.

Asubuhi nilipofungua mlango nimtoe Mzee, kaka alikuwa amesimama hapo. Kaja kwa miguu. Plasta mpaka kwapani. Hakunisalimu. "Mzee anapumuaje?" Nikasema vibaya. Nilimbeba Mzee mgongoni mpaka garini. Kaka akatangulia kiti cha nyuma, akampokea, akamkumbatia kwa mkono ule mzima asije akaangukia upande.

Mteremko ulikuwa uji. Tope mpaka kwenye rimu. Nikaweka gia ya chini kabisa, magurudumu yote manne, mguu mwepesi. Na matairi yakang'ata! Yaling'ata kama mbwa! Kila jiwe lilimtikisa kaka mkono, nilimsikia akisaga meno. Sikupunguza mwendo. Naye hakuomba nipunguze.

Mara moja tu alisema: "Matairi mazuri haya."

"Ya marehemu," nikamjibu.



Mzee yuko kwenye mashine sasa. Muuguzi katugombeza wote wawili kama watoto waliovunja mtungi — siku sita! Moyo umezidiwa, kasema, tusubiri. Kabla mlango haujafungwa Mzee alitutazama, mmoja, halafu mwingine. Sijui alitaka kusema nini. Kinywani walishamvika kibomba cha hewa.

Saa nne kaja askari. Wifi ndiye kamwelekeza. Mtu mzima, mpole, buti zimejaa tope. Kanikuta na daftari hili, kasema niandike tu, hana haraka na mimi. Kwanza anataka maneno ya mwenye mkono. Wameingia chumba cha pembeni, yeye na kaka. Mlango wao haufungi vizuri. Nimesikia swali: ulianguka, au ulipigwa?

Nangoja jibu.

Akisema alianguka, itabidi nimtazame usoni, na sijui kama naweza. Akisema kweli, nani atamrudisha Mzee kwenye mteremko ule? Wifi hajui gari. Kaka hana mkono. Nimekuwa najiuliza hivyo kana kwamba jambo lenyewe ni hilo, udereva. Hata samahani sijaitamka. Hata yeye hajaitamka. Vidole vyangu vinanuka mpira.

Sauti ya kaka. Ya chini, siyasikii maneno. Anazungumza muda mrefu kuliko neno "nilianguka".

Mlango umefunguka. Kaka ametoka kwanza. Hanitazami. Amegeuka nyuma, anamuuliza askari kama anajua kuendesha gari la gia za mkono, amrudishe Mzee nyumbani badala yangu.