Tanbihi ya Kumi na Tatu

Anaeli,

Sikuandikii kwa kukukumbuka. Nakuandikia kwa sababu daktari ameniambia moyo wangu umechoka, na sitaki kufa nikiwa bado nimekunyamazia.

Kitabu tulichoandika wawili, cha mifereji ya maji ya kwetu Uru, kinachapwa upya. Tangu Pasaka nimekaa hapa Pasua mbele ya kompyuta, nasafisha uchafu wako. Marejeo yote uliyapanga kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, kama mtu anayesukuma ng'ombe mgumu. Nilipobadilisha ukubwa wa herufi tu, majina yakatawanyika ukurasa mzima. Na namba za tanbihi uliziandika mwenyewe, moja moja. Nilikusihi uiachie programu ihesabu. Ukasema, "Ndeshi, mashine haitanifundisha kuhesabu."

Asubuhi ya kupeleka kitabu kiwandani ukafuta chanzo kimoja kwenye orodha. Namba za orodha ukazisogeza, za ndani ya sura ukazisahau. Hivyo maneno ya mmisionari mmoja wa zamani, kwamba wanawake wa Uru ni wezi wa maji, kwenye tanbihi ya kumi na tatu yakaangukia kwa mama yangu. Mama, aliyekupakulia kiburu cha ndizi na maharage, akakueleza zamu za mfereji siku nzima huku mgongo unamuuma.

Nilipokuonyesha, ulicheka. "Dada, nani Uru anasoma tanbihi?"

Walisoma. Jirani alisimama na ndoo mlangoni: "Mama Ndeshi, sisi wezi tunaomba ruhusa ya kuteka." Wenzake wakacheka. Baadaye wakaacha hata kucheka. Mama hakujua kusoma. Aliniuliza mimi, ati humo kitabuni yeye alisema nini. Nikakuomba karatasi moja tu ya masahihisho. Ukakataa, eti itaaibisha kitabu. Alipougua ugonjwa uliomuua, waliokuja kumjulia hali walikuwa wa ukoo peke yao.

Nakiri jambo. Siku ya mazishi yako nilisimama mbele ya mchungaji nikasema ulikuwa mtu makini. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilidanganya. Ulikuwa umelala pale, huwezi tena kunikatiza, na bado nilikuogopa. Hilo ndilo linaloniuma, si kifo chako.

Sasa kila tanbihi nimeifunga na chanzo chake. Nikifuta moja, zilizobaki zinajipanga zenyewe. Ni kubonyeza mara moja, Anaeli. Mara moja. Mchapishaji alitaka tuandike "makosa ya uchapaji." Nimekataa. Ukurasa wa kwanza unataja jina lako, na unasema mama hakutamka maneno yale.

Kikitoka nitapanda nacho Uru, hata kwa kubebwa, niusome ukurasa huo nje ya kanisa baada ya ibada, kina mama waliobaki wausikie. Nakuahidi wewe, kwa kuwa ndiwe usiyetaka.

Kwaheri. Siku si nyingi nami nakuja. Nitakaa upande wa mama. Usitusogelee.

Ndeshi