Hana Makuu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimekiona chumba! Kipo Muleba, karibu na soko. Sakafu kavu, dari juu, dirisha moja kubwa. Nilikwenda na Ma Edvina, mkulima wa kahawa wa Kaagya, mteja wa duka letu tangu sijazaliwa. Tulipima kwa hatua: hapa mashine ya kukaangia, pale magunia, mlangoni mizani. Yeye atakusanya kahawa ya wenzake, mimi nikaange na kuuza. Mwenye chumba, mzee Rutashobya, anataka jibu Jumatatu ijayo.

Kurudi Bukoba, Baba ananiambia Jumapili kuna wageni kutoka Mwanza. Wana kijana wa kuoa. Wanataka biodata yangu kesho, ile karatasi ya kumtambulisha mchumba. Nina miaka ishirini na tisa. Mama huitaja kama anataja ugonjwa.

Jumanne, 4 Juni

Nimeandika biodata. Nimefuata ile ya kaka yangu Pratik ya mwaka jana: jina, urefu, elimu, tabia. Kwenye tabia yake neno la kwanza kabisa, kwa wino mzito: ambitious. Pratik! Anayeamka saa nne! Nikaliandika na kwangu.

Baba akavua miwani. Hili liondoke, kasema. Mama akaongeza kuwa mama mkwe akilisoma atadhani nakwenda kumnyang'anya funguo za nyumba. Nikauliza mbona kwa Pratik ni sifa. Baba akanitazama, ameshangaa kweli. Pratik ni mwanaume, Jalpa.

Limeondoka. Pameandikwa kwamba mimi ni mtu wa nyumbani.

Nimelitafuta ambitious kwenye kamusi yangu ya sekondari. "Mwenye kutaka makuu." Hata kamusi inanisuta! Kwenye semina za vijana wanasema "mwenye malengo", na watu wanapiga makofi. Mtaani kwetu sijasikia msichana akiposwa kwa malengo yake.

Alhamisi, 6 Juni

Rutashobya kapiga simu. Kuna muuza mbolea anakiulizia chumba. Nikasema Jumatatu, mzee wangu, tafadhali. Sijala leo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia Baba kila kitu. Chumba, mashine, Ma Edvina. Nilijiandaa kwa ukali. Hakufoka. Kanishika mkono, kasema duka ni la Pratik, na mimi binti ni mgeni hapa kwetu, nitakakokwenda ndiko kwangu. Kama mume akiruhusu, nitakaanga kahawa hukohuko. Kama akiruhusu!

Angenipiga kelele ningemjibu. Nimelia stoo, nimekalia magunia ya chumvi. Nimechoka. Nimechoka na mimi mwenyewe, na kutaka kwangu huku kusikoisha. Laiti ningezaliwa sitaki kitu.

Jumapili, 9 Juni

Naandika jikoni, daftari juu ya pipa la unga. Wageni wako sebuleni. Kijana hasemi sana. Mama yake anasema kwa niaba ya wote.

Ma Edvina alikuja saa nane, kaniletea kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani la mgomba. Hakujua kuna wageni. Mama akamkaribisha, angefanyaje. Basi yule mama wa Mwanza akamgeukia: binti huyu mnamwonaje huku kwenu?

Nikajua atataja Muleba. Nilitaka ataje! Aseme tu, yaishe.

"Jalpa? Waitu, jamani, huyu mtoto hana makuu," akasema. "Nimemwona akizaliwa. Hana makuu hata chembe."

Mama wa Mwanza akang'aa uso mzima. Baba akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Na Ma Edvina, aliyehesabu hatua na mimi kwenye sakafu ile, akanitazama kwa upendo, anangoja.

"Wakola, Ma Edvina," nikasema. Asante. Ningesema nini?

Nilimsindikiza mlangoni. Akaninong'oneza: nimekusaidia, mwana wange. Mambo ya chumba tuyafiche kwanza, uolewe.

Ni kweli amenisaidia. Hilo ndilo linaloniua. Hakuna adui hapa, wote wananipenda.

Maziwa ya chai yanaanza kupanda kwenye sufuria. Simu inatetemeka kando ya sukari — Rutashobya. Leo Jumapili! Tulisema Jumatatu! Imekatika. Inaita tena.

Mama yuko mlangoni, analia kwa furaha. Niache kuandika, nilete chai. Wamekubali, anasema, wote wamekubali —