Watoto Hawatoki Hapa

2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua hii isome ukiwa umekaa, maana inatoka kwa mtu mkubwa. Tangu uniachie shamba hili, daktari wa mifugo akipita na pikipiki yake huzima injini pale kona na kuja kwa miguu, kwa heshima. Juzi aliniuliza, "Mzee, hivi huyu ng'ombe umemfanya nini?" Nikamjibu kuna mambo hayafundishwi chuoni. Akatoa kalamu akaandika.

Baada ya hayo, salamu. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje? Chakula cha hapo chuoni kinapita kooni au kinasukumwa na maji? Huku sote wazima, wa miguu miwili na wa minne, isipokuwa jogoo mwekundu ana mafua, ila kiburi chake hakijapungua hata punje.

Kwenye simu usinitafute. Ilitumbukia katika pipa la kulowekea pumba, na tangu hapo inanuka tu, haisemi. Barua nampa dereva wa gari la maziwa, naye ni mwaminifu kwa sababu ananiogopa.

Watoto wako wanakua kama magugu. Binti mkubwa sasa namwita Hakimu. Tangu atimize miaka kumi na miwili hakuna kesi inayomshinda humu ndani, na kesi nyingi mshtakiwa ni mimi. Ndiye anayekamua. Mdogo wake, Redio, kazi yake ni punda na maji, na mdomo wake hauzimwi hata ukiwa umejaa uji. Kifungo wetu wa miaka minne ndiye mlinzi wa kondoo kipofu, na kondoo huyo hamsikilizi mwingine.

Ng'ombe anatoa maziwa mpaka ndoo zinaomba msamaha. Jana povu lilipanda likagusa dari la banda. Usimwambie mtu, wivu utatumaliza.

Soma kwa bidii. Nyumba ina mwanamume.

Kaka yako.


20 Machi

Kaka, shikamoo,

Nimepata barua yako, nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaja kuuliza kama nina homa. Mimi sijambo. Mgongo unauma kwa kuinamia vitanda, lakini wiki hii nimepokea mapacha kwa mikono yangu mwenyewe, na mkunga mkuu alisimama pembeni tu akiniangalia. Nilitamani mama awe hai aone.

Kaka, sasa acha utani. Wifi yangu ameniandikia. Alikuja hapo nyumbani Jumamosi bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Anasema alimkuta Kifungo amelala zizini, kwenye majani, kichwa juu ya tumbo la kondoo, saa nane mchana. Redio alikuwa anazungumza na punda kama mtu aliyerukwa na akili. Kuku watatu walikuwa jikoni, mmoja ndani ya sufuria. Na wewe alikukuta chini ya gari la kukokotwa, unakoroma, kofia usoni.

Ananiambia: "Wale ni watoto wa marehemu kaka yangu, damu yetu. Mjomba mtu hajawahi kulea hata paka." Anataka shule zikifungwa, tarehe 12 Aprili, aje na gari awachukue wakakae kwake mjini. Mifugo igawiwe majirani, nyumba ifungwe.

Nikikubali, mwezi wa tisa nitamaliza mafunzo nirudi nikute kufuli. Miaka kumi na mitatu nimejenga pale na baba yao, mti kwa mti. Nikikataa na mtoto akaumia, nitajitazama vipi kwenye kioo? Kichwani hakuingii kitu darasani.

Nakuomba, mara moja tu katika maisha yako, niambie kitu kama kilivyo. Wako salama?

Mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Sitakusalimu sana leo, nina hasira, na salamu ya mwenye hasira huchacha.

Hawatoki hapa. Hilo liweke mwanzo, katikati na mwisho wa barua.

Nijibu mashtaka. Kuku wa sufuriani anataga humo, na yai ninalitoa kabla ya kupika, siku nyingi. Mimi nilikuwa chini ya gari natengeneza ekseli. Ekseli hutengenezwa kwa kutulia. Mkoromo aliousikia ulikuwa wa ekseli.

Redio na punda, Kifungo na kondoo, hayo ni mambo ya kazi. Wifi yako angeuliza angejibiwa. Hakuuliza. Alisimama pale mlangoni na viatu vyeupe akasonya, akahesabu kuku kwa kidole kama polisi, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Eti sijawahi kulea paka! Mwambie nimelea paka aliyekuwa akinifungulia mlango nikibeba kuni. Mwambie nimewahi kusimama mbele ya fahali aliyevunja kamba, nikamtazama machoni, akarudi mwenyewe zizini akajifunga. Mtu wa namna hiyo anatishwa na gari dogo la mjini?

Umeniuliza kama wako salama. Wananawa, wanakula, wanalala, wanaenda shule, na Hakimu amekuwa wa pili darasani, na wa kwanza ni mtoto wa mwalimu, kwa hiyo tunajua ni wa kwanza. Usiku wanakuita jina lako kabla ya kulala, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyofunga milango.

Jumamosi hiyo ya tarehe 12 aje. Nitasimama getini. Nimeshaandaa hotuba, ina sehemu tatu na methali saba. Nikifika methali ya nne atageuza gari.

Kaka yako, asiyetikisika.


5 Aprili

Kaka, shikamoo,

Natumaini mu wazima. Mimi hivyo hivyo.

Usimfanyie wifi hotuba. Wewe na yeye mkifungua midomo pamoja hata kesi ya kuku itafika kwa mkuu wa wilaya. Arusi yangu mliiharibu hivyo hivyo, mkibishana nani akate keki, mpaka ikakatwa na mpiga picha.

Nimefikiri siku nane. Nimemjibu aje awachukue. Wafungie mabegi, soksi za Kifungo ziko kwenye kopo la bluu. Waambie si adhabu. Waambie mama yao anakuja.

Usinijibu kwa ukali. Sina nguvu.

Mdogo wako.


14 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Shika ukuta.

Salamu kwanza, zote, na zile nilizokunyima mara ya mwisho ongeza humu. Sisi ni wazima. Sote. Hapa hapa nyumbani. Soma tena hapo kama hujaamini.

Barua yako niliwasomea Alhamisi. Kifungo aliuliza kama kondoo ana begi. Redio alinyamaza, ndipo nikajua ni msiba. Hakimu akasema, "Mama kasema twende, tutaenda. Lakini tutaondoka kwa sheria ya nyumba." Akatoka kwenda kukamua, sikumwelewa.

Jumamosi saa nne gari likafika. Shangazi mtu akashuka, gauni la kitenge limepigwa pasi mpaka linakata. Watoto wamejipanga mlangoni, wamenawa, mabegi matatu miguuni, soksi zimevutwa.

Akasema, "Haya, ndio watoto. Ingieni garini."

Hakimu akapiga goti, "Shikamoo, shangazi. Tuko tayari. Tukabidhiane tu mifugo, ndipo twende."

"Nini?"

"Hapa mtu hatoki mpaka amkabidhi mnyama wake kwa anayebaki au anayemwondoa, na mnyama amkubali. Baba aliweka hivyo. Hata mama alipokwenda chuoni alimkabidhi mjomba kwa siku nne."

Kweli si kweli? Wewe mwenyewe ulinitembeza siku nne, na bata wakanikataa.

"Mimi sikuja kupokea mbuzi," akasema shangazi.

"Umesema mifugo igawiwe majirani. Nani atawaonyesha majirani, shangazi, kama hujui? Dakika chache tu."

Kwa sababu ya neno la baba yao, mdogo wangu, nadhani, maana niliuona uso wake ukilegea kidogo, akavua saa akasema haya.

Akaanza na ng'ombe. Hakimu akamwambia, "Huyu haachii maziwa mpaka umsifu." Shangazi akasema ujinga. Akakaa kwenye kigoda akavuta. Hata tone. Akavuta tena, ng'ombe akageuka akamtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekosea dirisha. Basi kwa sauti ndogo nikamsikia: "Wewe mzuri." Kimya. "Una… una macho makubwa." Tone moja. Redio akasema, "Shangazi, msifu kama unavyojisifu wewe kanisani." Akataka kumpiga kofi, akacheka, na maziwa yakaja. Nusu kikombe kwa robo saa. Hakimu akaandika kwenye daftari: Anajifunza.

Wa pili, punda. Yule hatembei mpaka asimuliwe habari, ukinyamaza anasimama. Ndiyo mazungumzo yale aliyoyaona mara ya kwanza akadhani mtoto ana wazimu. Shangazi akashika kamba, akaanza: jirani yake wa mjini kaoa mke wa pili, fundi wake wa nguo mwizi wa vitambaa, mchungaji kapaka nywele rangi. Punda alitembea mbio, sijamwona hivyo tangu azaliwe. Nusu ya njia ya kisimani umbea ukaisha. Punda akasimama. Shangazi akasema, "Sina zaidi, nakuapia!" Punda hakuamini. Shangazi alisimama naye juani mpaka akaanza kumsimulia siri zake mwenyewe, na hizo sikuzisikia, alizisema sikioni mwa punda.

Wa tatu, kondoo. Kifungo akamshika mkono, akampeleka zizini, akamwambia kwa sauti ya mkubwa: "Kaa. Haoni, akila peke yake anaogopa. Ulale karibu, akusikie unavuma." Maana yake unapumua. Shangazi akasema nitakaa tu. Akakaa na gauni lake la pasi juu ya majani. Kondoo akaja akapapasa kwa pua, akaweka kichwa magotini pake, akaanza kula taratibu. Na jua lile, na uchovu wa punda…

Saa nane mchana, mdogo wangu, saa ile ile! Shangazi alikuwa amelala zizini, kichwa juu ya tumbo la kondoo, mdomo wazi, jani limemganda shavuni.

Watoto hawakucheka. Walisimama mstari mmoja wakamngojea. Alipofumbua macho Hakimu akasema, "Wamebaki mbuzi tisa, bata, na kuku thelathini na mmoja. Tuendelee?"

Akainuka akajikung'uta majani. Halafu akasema, "Huyu mtoto ana mdomo wa nani?"

"Wa kwenu, shangazi," Hakimu akasema. "Kila mtu anasema."

Basi aliyachukua mabegi mwenyewe akayarudisha ndani. Akamwacha Kifungo apande kiti cha mbele cha gari mpaka getini na kurudi. Akaondoka peke yake.

Mimi wakati wote nilikuwa mahali pangu pa juu, kama kamanda, nikitazama kila kona, nikiwaongoza kwa ukimya. Kamanda mzuri hasikiki.

Kaka yako mshindi.


25 Aprili

Kaka, shikamoo, na shikamoo nyingine juu yake maana leo ningekubeba mgongoni,

Nimelia, nimecheka, mtihani wa jana nimeandika kama maji. Wifi ameniandikia pia. Kurasa mbili ni za kondoo. Anasema, "Watoto wako hawabembelezi, wanatoa masharti. Waache walipo. Mwezi ujao nitakuja kumalizia kukabidhiwa kuku, na nitakuja na viatu vya shamba." Kaka, wifi yangu! Viatu vya shamba!

Basi watabaki. Mwezi wa tisa narudi kwenye nyumba yenye watu. Asante. Sijui kusema zaidi.

Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua. Wifi anasema siku nzima hakukuona hata kivuli. Alimuuliza Hakimu, akajibiwa, "Mjomba yuko kazini." Wewe umeniandikia kila neno, hata jani la shavuni. Na wewe, ninavyokujua, usingenyamaza mbele yake hata ungezibwa kwa gundi. Ulikuwa wapi?

Mdogo wako anayekuombea heri.


2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Jogoo amepona, anatukana majirani kama zamani. Ng'ombe ameanza kutarajia sifa za mjini, za kwetu anaziona za kishamba.

Nasema tena ili mtu asisahau: hawatoki hapa. Akija shangazi na viatu, akija na lori, akija na mwenyekiti, hawatoki. Watakupokea wewe getini mwezi wa tisa, na mimi nitakuwa nyuma yao.

Kuhusu swali lako. Ningeweza kukuambia nilikuwa nafukuza fisi. Nimeianza barua hiyo, ilikuwa nzuri, fisi walikuwa wanne. Hakimu ameisoma akaichana.

Nilikuwa juu ya bati la banda la mbuzi. Nilipanda alfajiri nilione gari likitokea kona, niteremke getini na hotuba yangu. Lilipotokea, nikageuka kushuka, ngazi hakuna. Ni juu sana pale, na goti langu unalijua. Nikataka kupiga kelele. Hakimu alikuwa amesimama chini, ngazi begani mwake, kidole mdomoni. Akaninong'oneza, "Mjomba, hotuba yako niliisikia ukiwafanyia mbuzi mazoezi. Ukimsomea shangazi, leo tunalala kwake."

Nikalala kifudifudi. Jumla ya saa tisa juu ya bati, tangu alfajiri, jua linanigeuza upande huu na huu kama samaki. Shangazi alipita chini yangu mara tatu. Chafya moja niliimeza, mpaka leo iko tumboni.

Gari lilipoondoka akaleta ngazi. Lakini hakuiegemeza. Alisimama nayo akasema kwanza niseme asante.

Nilisema, mdogo wangu. Mara mbili, kwa sababu ya kwanza alidai hakuisikia.

Kaka yako.