Hatua Zile Hazikuwa Zangu

Mama Epifania,

Maharage yako jikoni, yaongezee maji. Kuku bado wamefungiwa.

Mimi nimekwenda Kasulu hospitali. Ulipokuwa kisimani asubuhi hii daktari alipiga simu, anacheka: "Bibi, kifaa cha kupima mwendo ulichofunga gotini kinaonyesha unatembea kama msichana! Goti la bandia lisubiri kwanza. Nafasi yako ya kupasuliwa Jumatatu tutampa mwingine."

Mimi, ninayekwenda chooni nimeshika ukuta!

Nilipokata simu, Epifania akaniambia, "Bibi, kile kifaa mama anachosema anakipeleka dukani kuchaji, hakipeleki. Anakivaa akienda shamba."

Kitendawili: amelala gotini kwangu, hana mdomo, lakini anampelekea daktari habari. Ni kifaa hicho, na wewe umekipa habari za goti lako.

Mwanangu, najua hukuwa na nia mbaya. Unanilimia, unanichotea maji, ukaona hata kutembea unitembelee, nipate maksi nzuri. Lakini huu si mtihani! Daktari alitaka kuona goti linavyokataa kukunjika, ajue namna ya kulipasua. Nimekasirika, na usicheke.

Nikiikosa Jumatatu, sijui lini wataniita tena. Goti halinisubiri, kanisani sasa nabebwa kwa baiskeli.

~~Usinifuate, nitasema mwenyewe.~~

Hapana, njoo. Panda gari la saa nne. Nikisema peke yangu daktari atadhani bibi kizee anatunga maneno. Utembee wewe mbele yake, kisha nitembee mimi.

Mama mkwe wako