Njiwa na Sekunde Kumi na Saba

Muncie, Indiana
3 Juni 1978

Kwako Baba,

Shikamoo. Kifua kinasemaje huko Tucson? Sisi wazima, ila mtoto anaota meno, na usingizi nimeusahau ulivyo.

Baba, nasikia Njiwa, lile gari letu la zamani, umempa Dewey. Ni mdogo wangu, simwonei kijicho. Lakini anataka kuing'oa injini aweke mpya, na boneti aikate. Ananiambia, "Dada, hiki kikongwe kinakohoa kuliko Baba!" Ile ni Shevrole aliyoshindana nayo Mama kwenye uwanja wa ndege uliokufa, akawaachia wanaume vumbi, mimi nikiwa tumboni. Niachie mimi, nzima ilivyo.

Binti yako,
Loretta

Tucson, Arizona
14 Juni 1978

Mwanangu Loretta,

Barua imefika. Kifua kina nafuu, jua la huku linanikausha kama samaki. Mbusu mjukuu wangu.

Gari si picha ya ukutani, mama. Umeiendesha lini? Kuliko ife bandani, bora Dewey aikate. Basi shindaneni robo maili, wewe na Njiwa, yeye na gari lake jipya. Atakayeshinda, Njiwa ni yake. Kila mtu aandike kiooni sekunde atakazotumia, mwenye nyingi atangulie kuondoka kwa tofauti hiyo. Na mkumbushe huyo kichwa-moto: ukienda upesi kuliko ulivyoandika umeshindwa, hata ukifika mbele.

Baba yako

Muncie
9 Julai 1978

Baba mpendwa,

Shikamoo tena. Mtoto katoa jino. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo inauma.

Kila mtoto alipolala mchana, nilimwacha kwa jirani nikaenda kujifunza Njiwa inavyopenda kubadilishwa gia. Jana, kwenye uwanja wa mashindano, nikaandika kiooni kumi na saba kwa rangi nyeupe ya viatu. Dewey akacheka, "Dada, si ungeandika tarehe ya kufika!"

Taa yangu ikatangulia kuwa kijani. Sijui nikuelezeje, Baba. Usukani ulikuwa mwepesi, mahindi ya pembeni yakawa maji, uchovu wote ukabaki nyuma kama shali iliyopeperuka. Nilikuwa kama nimebebwa. Mara ngurumo, Dewey akanipita karibu na mstari wa mwisho. Nikasimama kule mbele, nikalia nikikumbatia usukani.

Kumbe mwenye saa anatangaza: Dewey amewahi kuliko alivyoandika, mshindi ni mimi.

"Nilikuona mbele yangu, nikasahau kila kitu," akaniambia. "Nilitaka nikupite tu."

"Umenipita, mdogo wangu. Sasa weka spana chini."

Injini haiguswi. Jumapili ijayo atakuja kunifundisha kubadilisha oili.

Binti yako,
Loretta

Tucson
20 Julai 1978

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Leo naandika kidogo, pumzi ni fupi.

Njiwa ni yako, hati nimeitia sahihi, imo humu. Daktari amenikataza safari, kwa hiyo msinisubiri huko tena. Ila nakuomba kitu. Siku ukipata nafasi nipigie simu, uvute waya mpaka dirisha la banda, uiwashe Njiwa. Usiseme neno. Nami huku nitaisikiliza inavyokohoa.

Baba yako